Koti la Afisa wa Mbegu

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, na naomba hilo lieleweke mapema asije mtu kuniuliza maswali. Inaitwa Jamhuri ya Tupo. Msomaji akikuta humu jengo la wizara lenye lifti iliyokufa, na ngazi zinazonuka dawa ya sakafu, akajiambia, "Aa, hapa nimewahi kupita," basi ajue amechanganya. Majengo ya kwetu sisi yana lifti nzima kabisa.

Mwaka ule Tupo iliingiwa na janga la kuishiwa muda. Ukienda ofisi yoyote kuomba jambo, unaambiwa muda hakuna, njoo wiki ijayo. Na wiki ijayo ikifika, nayo inakutwa haina muda. Mheshimiwa Rais alihuzunika sana. Akalihutubia taifa kuanzia asubuhi mpaka alasiri juu ya ubaya wa kupoteza muda, na wanafunzi waliopangwa juani kumsikiliza walipoanza kuanguka, redio ikatangaza kwamba wamezidiwa na uzalendo.

Dawa ikapatikana jioni hiyohiyo. Watumishi vijana wote wakabidhiwe kwa Wakongwe wa Muda, yaani watumishi wa siku nyingi ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaona wakichelewa. Ni kweli hakuna aliyewahi kuwaona. Wala hakuna aliyewahi kuwaona wakifika, lakini kamati ya uteuzi haikuulizwa hilo.

Miongoni mwa vijana hao alikuwemo Hidaya Mlekwa, Afisa wa Mbegu katika Wizara ya Mashamba na Matumizi Bora ya Muda. Mama yake alikuwa mkunga, na mtoto wa mkunga hukua akijua kwamba yapo mambo yasiyongoja. Kazi ya Hidaya ilikuwa nyepesi. Mjumbe wa kijiji anakuja kuomba mbegu za serikali, Hidaya anatia sahihi kibali, mlinzi anafungua ghala, magunia yanapanda mkokoteni. Ghala lenyewe lilikuwa ng'ambo ya uwanja, karibu kiasi kwamba Hidaya akipiga chafya dirishani, mlinzi anamjibu "Afya!"

Juma lake la kwanza tu, Hidaya aliitwa kwa Mkurugenzi.

"Bi Hidaya," alisema Mkurugenzi kwa sauti ya msibani, "nasikia umetia sahihi vibali vya tarafa nzima kabla ya chai. Ni kweli?"

"Ni kweli, bosi."

"Sasa baada ya chai utafanya nini?"

"Nitangoja wengine waje."

"Wakija?"

"Nitatia sahihi."

Mkurugenzi akafunika uso kwa viganja. "Huo ni ubadhirifu," alisema humo ndani ya viganja. "Umekula kazi ya msimu mzima kwa asubuhi moja. Kizazi kijacho umekiachia nini?"

Hidaya alijiona mlafi ghafla, mtu aliyekomba sufuria wenzake hawajanawa mikono. Siku hiyohiyo akakabidhiwa kwa Mzee Chamwali.

*

Mzee Chamwali alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomponza Hidaya. Angekuwa mkali angemkaidi. Lakini mzee alimkaribisha kwa karanga za kukaanga, akamuuliza hali ya mama yake, akasikitika kusikia mgongo unamsumbua, na ndipo akaanza kumfundisha.

"Binti yangu, msingi wa muda ni kuwepo. Asiyekuwepo, hata afanye kazi namna gani, hahesabiwi. Aliyepo, hata asifanye kitu, yupo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee."

"Sasa wewe una mwili mmoja. Mwili una mambo yake. Unataka kwenda saluni, unataka kumwona mgonjwa, unataka kulala kidogo. Utautesa mwili wako kitini kutwa nzima? Hapana. Ndiyo maana waliotutangulia wakavumbua hili."

Akafungua kabati, akatoa koti la kahawia. Lilikuwa limekwaruzika viwikoni na lina harufu ya dawa ya nondo, na kifungo cha kifuani hakikuwepo. Mzee Chamwali alilishika kwa mikono miwili.

"Hili limelitumikia taifa tangu wewe hujazaliwa. Halijaomba likizo. Halijaugua. Limeshika nafasi ya wakubwa wanne, na mmoja wao alifariki, likaendelea kumwakilisha mpaka mwisho wa mwaka wa fedha. Livishe kiti chako asubuhi, kisha uende zako kwa amani."

Kila mtu serikalini Tupo aliijua desturi hiyo. Koti likiwa kitini, mwenyewe yupo. Ametoka kidogo tu. Yumo humuhumu jengoni. Raia waliofundwa vizuri hawakuuliza zaidi ya hapo. Walikaa kwenye benchi, wakaliangalia koti, wakangoja.

Masomo mengine yakafuata, na Hidaya akayasikiliza kwa adabu. Kazi kubwa igawe vipande: leo tafuta kalamu, kesho hakikisha ina wino, keshokutwa ujiulize kama ni rangi inayokubalika. Usifanye mambo mawili kwa wakati mmoja: ukiwa unafikiria kutia sahihi, usitie sahihi. Anza na lililo muhimu kuliko yote, na lililo muhimu kuliko yote ni chai.

"Na ujifunze kusema hapana," alimalizia mzee. "Ila lenyewe hilo neno usilitamke, linawavunja moyo wananchi. Sema kesho."

Mwanzoni Hidaya alicheka moyoni. Wenzake wawili waliocheka kwa sauti walihamishiwa Kituo cha Utafiti wa Nzige mpakani, mahali ambapo nzige hajaonekana tangu uhuru, na ilibidi wawe wanawatengeneza kwa udongo ili ripoti isiwe tupu. Baada ya hapo Hidaya akaacha kucheka hata moyoni.

*

Bi Nyamizi alifika kutoka Majichungu wakati mawingu yameanza kukusanyika upande wa mashariki. Alikuwa mama wa makamo, kifua mbele, khanga kiunoni, sauti ya mtu aliyezoea kuita watu wa bonde la pili. Hidaya siku hiyo alikuwepo, yeye na koti lake wote wawili.

"Mwanangu, kijiji kimenituma," alisema Bi Nyamizi. "Mafuriko ya mwaka jana yaliingia maghalani kwetu. Hakuna nyumba yenye punje ya kupanda. Mbegu yetu imeshafika, nimeiona hapo ghalani kwa macho yangu, magunia yameandikwa Majichungu. Kilichobaki ni mkono wako tu. Mvua ikianza, mbegu iwe ardhini. Isipokuwa ardhini, mwakani tutakula majani."

Hidaya akavuta kibali, akashika kalamu. Ncha iligusa karatasi na kuacha nukta ya wino. Hapo mlangoni pakasikika kikohozi cha mtu mwema.

"Binti yangu, neno moja."

Wakatoka koridoni. Mzee Chamwali hakukasirika. Alimshika bega.

"Ukimpa leo, kesho atakuja nani?"

"Mzee, mvua inakaribia."

"Mvua haina haraka, inakuja kila mwaka. Nisikilize. Ofisi isiyo na mtu kwenye benchi, wakubwa watauliza ina kazi gani. Yule mama pale ndiye anayetuweka mjini mimi na wewe. Na tathmini yako ni Ijumaa. Mimi ndiye ninayeijaza, na ningependa kuandika vizuri. Nakupenda kama mwanangu."

Alisema kweli. Alimpenda. Hidaya akafikiria nzige wa udongo, akafikiria na mgongo wa mama yake na dawa zinazotoka mjini tu. Akarudi mezani, akafunika kalamu.

"Njoo kesho, mama."

"Ahsante, mwanangu," alisema Bi Nyamizi. "Najua mna kazi nyingi."

Hidaya alitamani sana angetukanwa. Tusi angelijibu. Ahsante ile ilimkaa tumboni mpaka jioni, hata ugali haukupata nafasi.

*

Ijumaa ilipita vizuri. Mzee Chamwali aliandika kwamba binti ameanza kuufahamu muda. Hidaya akaongezewa daraja, akapewa kiti kinachozunguka, na siku alipokivisha koti kwa mara ya kwanza bila yeye kuwepo chumbani, alikwenda kwa dada yake anayeuza vitambaa, akakaa huko akinywa soda na kuyatazama majora mpaka saa za ofisi zikaisha. Moyo ulimsuta siku ile. Siku ya pili ulimsuta kidogo. Baadaye alianza kushangaa jinsi soda ya mchana inavyoburudisha.

Aliyemletea habari za ofisini ni Ndimbo, yule mlinzi wa ghala, ambaye dirisha la Hidaya lilikuwa mbele ya macho yake kutwa.

"Amekuja tena yule mama wa Majichungu," alisema Ndimbo. "Kaingia, kakusalimia, kakaa mpaka adhuhuri."

"Kanisalimia mimi?"

"Kalisalimia koti. Kasema, 'Habari za kazi, mwanangu.'"

"Na wewe hukumwambia sipo?"

Ndimbo alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nitamwambiaje hupo na koti lipo? Si nitakuwa muongo?"

Hidaya akajiambia kesho lazima atie sahihi. Alijiambia hivyo kwa dhati kabisa, na kwa kuwa alikuwa amesema kwa dhati, akajisikia nafuu, na nafuu ile ilimtosha kwa siku kadhaa. Hiyo ndiyo hatari ya kusema kesho: anayelisema hupoa kabla ya anayeambiwa.

Bi Nyamizi akaja tena, na tena. Halafu asubuhi moja Hidaya alipoliinua koti alivishe kiti, mkono wake ukagusa kitu kigumu kifuani. Kifungo. Hakikuwa cha koti lile. Kilikuwa cheupe, cha gauni, na kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa gunia, mishono mingi iliyokazwa. Yule mama alikuwa amekaa na koti, akaona lina upungufu, akatoa kifungo kwenye nguo yake mwenyewe.

Hidaya alikaa chini sakafuni, si kwenye kiti. Akachukua kibali cha Majichungu, akafungua kalamu, na wakati huohuo basi la wizara likapiga honi uwanjani. Ilikuwa Wiki ya Muda. Watumishi wote wa ofisini waende semina hotelini, wasiokuwemo ndani ya basi wahesabiwe ni wapinzani wa saa. Mzee Chamwali alikuwa amesimama mlangoni mwa basi akimpungia mkono, na siti ya pembeni yake ameishikilia kwa mfuko wa karanga.

"Nikirudi tu," Hidaya alisema. Alilisema mbele ya koti.

*

Semina iliitwa Dakika Ni Uhai. Ilikuwa ianze asubuhi, ikaanza baada ya chakula cha mchana kwa sababu mgeni rasmi alikuwa bado anawasili. Mtoa mada wa kwanza alieleza kwa kirefu umuhimu wa kueleza kwa kifupi. Wa pili alikuwa ndiyo kwanza amefungua mdomo, mvua ikashuka.

Ilishuka yote kwa pamoja, na bati la ukumbi likaunguruma hata mtoa mada akabaki kuchezesha midomo. Mshereheshaji akaandika kwenye ubao: CHAI MPAKA IKATIKE. Hidaya akasimama.

"Mzee, mimi narudi."

"Unarudi wapi na mvua hii? Kaa. Ya kupita hii."

"Mbegu za Majichungu sijazitia sahihi."

"Koti lipo?"

"Lipo."

"Basi ofisi iko salama, binti yangu. Kaa."

Hidaya akakaa. Baadaye, kila alipoikumbuka saa ile, alitafuta mtu wa kumlaumu. Alitafuta nani alimshika mkono, nani aliufunga mlango. Hakuna. Mlango ulikuwa wazi, barabara ilionekana. Alikaa mwenyewe, akapitishiwa sambusa, akala, na ilikuwa tamu.

Ile mvua ya kupita ilinyesha wiki nzima.

*

Waliporudi, Hidaya hakungoja basi lisimame vizuri. Alipanda ngazi mbio, akatia sahihi akiwa amesimama, akauvuka uwanja kwenye matope na kibali mkononi. Ndimbo alikipokea, akakisoma chote kwa makini.

"Kiko sawa," alisema, akafungua mlango.

Paa la ghala lilikuwa linavuja tangu enzi ya mkoloni, na kamati ya kulikagua ilikuwa bado kwenye kipande cha kutafuta kalamu. Mbegu za Majichungu zilikuwa zimeota. Zilikuwa zimechana magunia, zimesimama mpaka magotini, nyembamba na za njano, zote zimeinamia ufa wa mlango ulikokuwa unatokea mwanga.

"Alikuja mvua ilipoanza," alisema Ndimbo. "Na mkokoteni. Alikaa kwenye benchi mpaka akatota. Jana ndiyo kaondoka. Ila usiwe na wasiwasi na koti. Dirisha lilikuwa wazi, yeye akalisogeza lisilowe."

Hidaya alilia palepale, kibali kikimlowa mkononi. Ndimbo, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwambia asilie, sahihi imetoka vizuri.

*

Mheshimiwa Waziri alifika na waandishi wa habari. Alisimama mbele ya yale majani ya njano, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ndugu wananchi," alinguruma, "wenzetu duniani wanahangaika na jembe, wanahangaika na trekta. Tupo imekuwa nchi ya kwanza kuotesha mahindi ndani ya ghala! Bila mkulima! Bila shamba! Mkulima wetu sasa ameokolewa na adha ya kulima, na muda wake wote umebaki mkononi mwake autumie apendavyo!"

Vigelegele. Ikaamriwa kwamba mwenye kustahili nishani ni Afisa wa Mbegu, ambaye mashahidi wote, pamoja na mlinzi wa ghala, walithibitisha kwamba hakutoka kitini msimu mzima, usiku na mchana. Siku ya sherehe Hidaya alivishwa lile koti. Waziri akampachika nishani kifuani, juu kidogo ya kifungo cheupe, na akampa kipaza sauti ashukuru.

"Sikuwepo," alisema Hidaya.

Akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Sikuwepo kitini. Lilikuwa koti hili. Mimi nilikuwa dukani kwa dada yangu nakunywa soda. Mbegu zimeharibika kwa sababu yangu, na Majichungu hawana kitu cha kupanda. Nina hatia. Naomba nichukuliwe hatua."

Polepole Waziri akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukasimama naye. Mzee Chamwali alikuwa anafuta machozi ya fahari.

"Mmesikia?" alisema Waziri. "Huo ndio unyenyekevu! Sifa zote anampa mtendaji aliye chini yake!" Na kwa kuwa ilikuwa haki, aliamuru nishani ibaki kwenye koti, na koti lipandishwe cheo kuwa Mkurugenzi Msaidizi, lipewe chumba, zulia na katibu muhtasi.

Hidaya hakukubali yaishie hapo. Alikwenda Tume ya Makosa ya Watumishi, ghorofa ya juu, ili ajishtaki mwenyewe. Aliingia, akainama kwa heshima, akaeleza makosa yake yote tangu kikohozi cha Mzee Chamwali mpaka sambusa, akatoa machozi, akangoja hukumu. Kimya kilipozidi akainua macho. Kitini kulikuwa na koti la kijivu.

*

Asubuhi iliyofuata alimwendea katibu muhtasi wa Mkurugenzi Msaidizi, akamwambia mkubwa ana safari ya kikazi. Katibu alisimama, akalivua koti kitini kwa adabu, akalikunja, akamkabidhi, na akauliza kama mkubwa angependa chai kwanza.

Lori la chumvi lilimshusha Hidaya njia panda ya Majichungu. Mashamba yalikuwa meusi, yamelimwa vizuri, na matupu. Mvua zilikuwa zimelainisha udongo wote kisha zikaondoka, na magugu ya kandokando peke yake ndiyo yaliyokuwa yamezitumia. Alimkuta Bi Nyamizi uani akichambua mlenda pori. Mama yule hakumtambua Hidaya. Alikuwa amemwona mara moja tu. Alichokitambua ni koti alilolibeba. Akanyoosha mkono, akakivuta kile kifungo.

"Kimeshika," alisema.

Hidaya alikuwa amejiandalia maneno njia nzima. Yalimtoka bila mpangilio.

"Mama, sikuwepo. Siku zile zote ulizokuja. Lilikuwa koti tu."

"Najua."

"Ulijua?"

"Mwanangu, mtu gani hainuki hata kwenda haja?" Bi Nyamizi aliendelea kuchambua majani yake. "Nilijua siku ileile ya kwanza niliyokaa nalo."

"Sasa mbona ulirudi? Mbona ulishona kifungo?"

Bi Nyamizi akaacha majani. Alipozungumza, ile sauti ya kuvuka mabonde haikuwepo.

"Nilikishona ili lifanane na mtu. Nikirudi hapa, kijiji kizima kinanisubiri njiani. Nyamizi, umemwona afisa? Nami ndiye niliyesimama mkutanoni nikasema nitumwe mimi, wengine hawawezi kusema na wakubwa. Ningewaambia nimeongea na nguo? Nikasema nimemwona. Nikasema yupo, kazi zimemzidi, kesho anatupa. Watu wa ng'ambo ya mto walikuja na mbegu yao, kidogo, lakini ya kuanzia. Nikawaambia wakae nayo, ya serikali iko njiani, afisa nimemwona kwa macho yangu."

Akayarudia majani yake.

"Sasa nikifika kisimani wananyamaza. Hawajui la koti. Wanadhani nilihongwa."

Hidaya alikuwa amekuja na hatia yake akidhani ni yake peke yake, kumbe aliigawa mpaka huku, na huyu mama ameibeba nusu nzima bila kumtaja kwa mtu.

"Ngedere wanakuja kwenye viazi vyangu kule bondeni," alisema Bi Nyamizi. "Niliwatundikia gauni langu bovu juu ya mti, lile nililong'oa kifungo. Siku ya kwanza walikimbia. Siku ya pili walilikalia. Ngedere hao! Sisi tumeliamkia koti masika nzima."

"Nisamehe, mama."

"Mimi peke yangu siwezi. Wako porini wanachimba mizizi, jioni watarudi. Kaa hapa. Wewe utasema lako, na mimi nitasema langu."

Hidaya akatazama barabara. Lori la chumvi lilikuwa lirudi muda si mrefu, na lingekuwa la mwisho. Ndani yake sauti ya mtu mwema ikamwambia kwamba mama huyu amekwisha kusikia, kwamba yaliyobaki yanaweza kugawanywa vipande, kwamba ipo siku nyingine. Akalisikia lori likija. Akalisikia likipunguza mwendo njia panda, likipiga honi mara moja, likiondoka.

Bi Nyamizi akachukua koti, akalitandika chini kwenye vumbi, nishani ikiwa bado imening'inia, wakalikalia wote wawili.

Jua lilipopungua watu walianza kutokea kwenye kijia, majembe begani, vikapu vyepesi. Walipomwona Bi Nyamizi wakageuza nyuso pembeni, kama ilivyokuwa kawaida yao sasa. Yeye akainuka, akaweka mikono kiunoni, na ile sauti yake ikarudi.

"Njooni hapa nyote! Afisa wa Mbegu huyu hapa. Leo nimemwona kweli."

Hidaya akasimama.